Sweta limerudi na mkunjo ule ule

Somo yangu, asalaam alaykum.

Nakuandikia baada ya kushindwa na mtoto wa miaka 10, na nina aibu kulisema hilo mbele ya watu wanaonijua.

Nina watoto watatu. Wa kwanza ni mwanamme, yuko darasa la tano. Wa pili ni msichana wa miaka 6, ameanza darasa la kwanza mwaka huu. Wa tatu ana miezi saba, bado ananyonya. Baba yao yuko Unguja kikazi, huja mwisho wa mwezi. Tunakaa nje kidogo ya Wete, nyumba iko juu ya kilima, na kipupwe kikishaingia upepo wa kusi hauna pa kukwama mpaka ufike mlangoni kwetu.

Tangu Juni, kila asubuhi ni ugomvi. Mkubwa akirudi chuoni kusoma Kurani hunywa chai ameshasimama, huvaa shati lake jeupe la mikono mifupi, basi, ameshatoka. Nikimwambia avae sweta jibu lake ni moja: "Mama, mimi sisikii baridi." Wakati huo mimi nimejitanda kanga mbili na meno yanagongana. Mtoto gani asiyesikia baridi?

Mwezi uliopita nikaamua kumshika. Nilimnunulia sweta la buluu, zito, la sufu. Nikalipiga pasi, nikahakikisha analivaa mbele yangu, na nikawa nasimama mlangoni mpaka akapotea nyuma ya mwembe wa chini. Siku tatu nilikuwa na amani. Siku ya nne nikalichukua nilifue. Somo, sweta lilikuwa na mkunjo ule ule wa pasi niliyoipiga mimi, mstari wa kifuani haujavunjika, halina harufu ya jasho wala vumbi la chaki. Shati nalo kola imeganda jasho. Nilipombana akakiri: akifika kwenye mwembe analivua, analikunja vizuri, analitia mkobani, na wakati wa kurudi analivaa pale pale. Anasema linamwasha shingo, akikimbia nalo linampika, na wenzake wanamwita "babu".

Nilimtia kofi. Sikufichi. Kilichoniuma ni ule uangalifu wake wa kulikunja. Tangu siku ile asubuhi hanisemeshi, ananijibu kwa kichwa.

Mavyaa wangu tunaishi naye nyumba moja. Yeye alimzika mtoto wa miaka mitatu kwa kichomi, katika kipupwe, kabla mimi sijazaliwa. Akimwona mjukuu anatoka na shati tupu hugeuza uso ukutani. Juzi alisema mbele ya jirani: "Mtoto anaachwa anatoka kama hana mama." Maneno hayo yamenikaa kooni mpaka leo.

Nikampigia simu dada yangu yuko London kumlalamikia. Akaniambia huko Januari, baridi ya nyuzi tano, watoto wa kiume wanakwenda skuli na kaptula, magoti yamewaiva, na walimu hawasemi neno. Sasa nimsikilize nani?

Huyu wa kike, alhamdulillahi, hanisumbui. Sweta analitaka mwenyewe, hata mchana na jua halivui. Ila kipupwe kinamwonea: usiku hulia miguu na mikono inamuuma, nikampashia mafuta ya nazi nikamkanda ndipo apate usingizi. Bibi yake anasema ni baridi ya mifupa, na kweli amekuwa hivyo tangu mchanga, mpaka vidole vikimvimba, akikua yatamtoka. Nimekutajia tu ujue kwamba baridi kwetu inaingia kweli, na mkubwa hataki kuelewa.

Nifanye nini na mtoto huyu?

Mama wa watatu, Wete

*

Waalaykum salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimsoma mwanao na sweta lake. Mara ya pili nilimsoma mavyaa wako. Mara ya tatu nilikwama kwenye mistari ile michache uliyonitajia tu, karibu na mwisho, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi. Nakuomba usiache kusoma kabla hujafika. Lakini najua usingizi umekukosa kwa ajili ya mkubwa, basi tuanze naye.

Mwanao anasema kweli. Hasikii baridi, na ushahidi uliufua kwa mikono yako mwenyewe: kola iliyoganda jasho. Alfajiri za Julai na Agosti huku kwetu hushuka mpaka karibu nyuzi joto 22. Wewe wakati huo umetoka kutia udhu, maji bado yako mikononi na usoni, umesimama mlangoni na upepo unakukausha. Maji yakikauka mwilini huondoka na joto lake, ndiyo maana unatetemeka. Yeye ameshakwenda chuoni na kurudi, mbio, kisha anateremka kilima na wenzake, mbio tena. Mwili wa mtoto anayekimbia ni jiko. Ukiufunika kwa sufu utatoka jasho, na hapo ndipo penye ubaya ambao wengi wetu hatuuoni: atafika darasani nguo ya ndani imeroa, atakaa kwenye dawati saa nzima bila kujitikisa, na lile jasho sasa litamtia baridi ya kweli. Nguo iliyoroa hunyonya joto la mwili kuliko shati kavu jepesi.

Kwa hiyo kulivua pale mwembeni na kulitia mkobani, alichokosea ni kukuficha. Kitendo chenyewe kina akili. Ningependa asubuhi iwe hivi: atoke na shati, chini yake fulana nyepesi ya pamba, na sweta liwe mkobani kwa ruhusa yako. Akifika, moyo ukishatulia, akihisi baridi alivae akiwa mkavu. Asipohisi, lirudi na mkunjo wake, na wewe usilinuse.

Kabla hajatoka, mpe jambo moja tu la kufanya. Asimame barazani, upepo unapopita, muda wa kusoma Qulhuwallahu mara tatu, kisha aamue. Watoto huamua wakiwa ndani, jikoni kuna moto, hawajui nje kukoje. Akishausikia upepo mwilini mwake uamuzi ni wake na anauelewa. Na wewe ukitaka kuhakikisha, usimshike vidole. Vidole na masikio hupoa mapema kwa sababu mwili huivuta damu ndani kuulinda moyo na tumbo. Mshike nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na joto, mtoto ni mzima. Akiwa anatetemeka, amejikunyata, amenyamaza wakati si kawaida yake, midomo imebadilika rangi, huyo ana baridi hata akikuapia. Na akitetemeka huku mwili unawaka moto, hiyo ni homa, usiusingizie upepo wa kusi. Siku hiyo hiyo akapimwe malaria.

Yako mambo matatu ambayo hapewi hiari, na umwambie leo. Mvua, au hata manyunyu yale ya kipupwe yanayokuja na kuondoka: akiroa abadilishe nguo, hakuna mjadala. Siku ya homa au kifua. Na siku anayopakiwa nyuma ya pikipiki, kwa sababu pale upepo unampiga na yeye mwili wake umetulia. Masharti yakiwa matatu mtoto wa miaka 10 atayashika. Yakiwa kila asubuhi na kila kitu, atatafuta mwembe.

Sweta lenyewe mpe mdogo wake likimfaa, au liuze. La sufu nzito linawasha kweli. Mimi mtu mzima nikivaa sufu shingoni sistarehe, seuze mtoto. Nenda naye sokoni Wete kwenye mitumba, mwache achambue mwenyewe, ilimradi liwe rangi ya skuli na la pamba nyepesi. Na hilo la kuitwa "babu", usilipuuze ukaona ni mchezo. Kwa mvulana wa umri huo jina likishashika halibanduki. Alikuwa anachagua baina ya kukuudhi wewe na kuchekwa na darasa zima, na akajaribu kukuridhisha kwa kulikunja vizuri. Wewe uliuona ule mkunjo kuwa ni hila. Mimi nimeona mtoto asiyetaka kumvunja moyo mama yake.

Kwa ajili hiyo nenda ukamwombe radhi kwa lile kofi. Kaa naye chini, saa ambayo hamkimbizani na muda, umwambie: "Nilikosea kukupiga. Niliogopa utaugua." Maneno mawili hayo tu. Asipojibu siku hiyo usimlazimishe.

Kuhusu London, dada yako hakukudanganya. Wavulana wa Uingereza wako wengi wanaovaa kaptula mwaka mzima. Lakini usipime mtoto wa Pemba kwa kipimo cha London. Mwili huzoea pahala. Mchana wao wa Julai, wanaouita joto, hufika kiasi cha nyuzi 24, yaani umeizidi kidogo tu alfajiri yetu ya baridi. Na mtoto wa huko anatoka nyumba yenye joto la mashine anakwenda darasa lenye joto la mashine, kaptula ni ya njiani tu. Mwanao anakaa kwenye darasa ambalo upepo unaingia dirishani. Ndiyo maana nataka sweta liwe mkobani na lisiachwe nyumbani.

Sasa mavyaa wako. Mwanangu, yule mama anapogeuza uso ukutani anaona kaburi dogo. Usimjibu kwa elimu kwanza. Siku moja mkiwa mnachambua mchele au mnakuna nazi, muulize habari za mtoto wake aliyemzika. Muulize jina lake. Pengine miaka mingi hakuna aliyemtamkia jina hilo. Msikilize mpaka amalize.

Baadaye, akitulia, ndipo umweleze. Kichomi, ambacho hospitali wanakiita nimonia, kinaletwa na vijidudu vinavyoingia mapafuni, na mafua yanaletwa na virusi ambavyo aina zake zinazidi 200. Vinapita kutoka mtu kwa mtu. Katika kipupwe tunafunga madirisha, tunabanana ndani, watoto wanakaa watatu dawati moja na wanachangia kikombe, na humo ndimo maradhi yanamopita. Wazee waliona baridi imekuja na kifua kimekuja, wakaviunganisha, na sishangai. Wakati wa mtoto wake hapakuwa na chanjo ya nimonia. Leo ipo. Tanzania inaitoa kwa watoto wachanga tangu 2013, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Fungua kadi ya kliniki ya huyo wa miezi saba, umwonyeshe bibi yake pale palipopigwa mhuri. Kama pana pengo, lizibeni wiki hii.

Na kwa kuwa yeye ndiye mwenye jicho la hofu, mpe kazi inayofaa hofu hiyo. Mfundishe kuhesabu pumzi za mtoto mchanga aliyetulia, dakika nzima. Kwa umri wa miezi 2 hadi mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Akiona hivyo, au akiona nyama za chini ya mbavu zinaingia ndani kila mtoto anapovuta, aseme, na mtoke hapo hapo kwenda hospitali. Na asubuhi kikombe cha uji wa moto cha yule mkubwa kitoke mkononi mwa bibi. Mtoto aliyeshiba ana kuni za kupashia mwili, na bibi atakuwa amemvika kitu, kwa njia yake.

Nimemaliza ya mkubwa. Sasa kaa vizuri.

Umeniandikia kurasa mbili za mtoto anayekimbia na shati jepesi na anayetoka jasho. Mistari michache umeniandikia ya mtoto asiyekusumbua: anataka sweta hata juani, usiku analia mifupa ya miguu na mikono, inazidi kipupwe, na alipokuwa mchanga vidole vilikuwa vikimvimba. Mwanangu, huyu ndiye ninayetaka umtazame. Mambo hayo manne yakikutana kwa mtoto mmoja, kuna maradhi moja ambayo lazima yaulizwe kabla ya kusema "baridi ya mifupa": sikoseli, au selimundu kama wanavyoiita hospitali.

Mimi sikupi hukumu kupitia barua. Maumivu ya miguu usiku yapo pia kwa watoto wazima kabisa wanaokua. Lakini kuvimba vidole vya mikono na miguu uchangani, kwa mtoto ambaye hajaumia, ni moja ya alama za mwanzo kabisa za selimundu, na ni kipimo cha damu tu kitakachosema anayo au hana. 

Nikueleze inavyokuwa ili ukifika hospitali usiogope maneno. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni duara, kama kitumbua kilichobonyea katikati, laini, zinapenya kwenye mishipa myembamba bila tabu. Kwa mwenye selimundu, hewa ya oksijeni ikipungua ndani ya chembe hizo, hujikunja zikawa na umbo la mundu, zikawa ngumu, zikanatana. Zikiziba mshipa mdogo, sehemu ya mbele yake inakosa damu, na maumivu yake ni ya mfupa kweli, hayaigizwi. Vidole vya mtoto mchanga huvimba kwa sababu hiyo hiyo. Na baridi ina mlango wake humu: mwili ukipoa mishipa hujibana, damu inakwenda polepole, chembe zinapata nafasi ya kukwama. Kwa hiyo anapong'ang'ania sweta juani, inawezekana anajikinga na kitu anachokijua mwilini mwake na hana jina lake. Ndugu wawili nyumba moja, mmoja analivua na mwengine halivui, na yawezekana wote wawili wanasema kweli.

Kabla hujafika hospitali, mtazame. Mweke juani umvute kope za chini: weupe wa macho una umanjano? Viganja vimepauka ukivilinganisha na vyako? Tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu, pamejaa? Huchoka akipanda kilima kuliko wenzake? Andika kwenye karatasi, na uandike pia usiku aliolia na kilichotangulia: alikoga maji baridi, aliroa, alikuwa na homa, hakunywa maji kutwa. Daktari atakushukuru.

Anza hospitali ya Wete. Waambie kwa maneno haya: "Nataka mwanangu apimwe selimundu, alikuwa akivimba vidole mchanga na anaumwa mifupa kipupwe." Ukisema tu "anaumwa miguu" huenda ukapewa dawa ya maumivu ukarudi nyumbani. Kama kipimo kamili hakipatikani siku hiyo, uliza wanakupeleka wapi na lini, usiondoke bila jibu la hilo. Yule mkubwa na mdogo nao wapimwe, hata kama wanaonekana wazima.

Unaweza kusikia maneno ya "imetoka kwa nani". Yakate mapema. Mtoto hupata selimundu akirithi kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, na wazazi wote wawili wanaweza kuwa wazima wasijue wamebeba. Wakikutana wawili kama hao, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuwa na maradhi yenyewe. Hakuna aliyemtia mwenzake ila. Na si jambo la nyumba yenu peke yake: Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wa selimundu duniani, na pwani yetu ina sababu yake. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi upande mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwenye nchi za mbu, kama hizi zetu za pwani na visiwani, waliobeba upande mmoja waliokoka zaidi karne kwa karne, na urithi ukabaki. Umwambie mume wako hivyo akija, mkiwa wawili, kabla watu hawajamwambia vyengine.

Hata kabla ya majibu, yapo ya kufanya usiku huu. Sweta asivuliwe na mtu yeyote. Maji ya kukoga yawe ya vuguvugu, na akoge mchana jua likiwa juu. Anywe maji mara kwa mara, kwa sababu kipupwe watoto hawahisi kiu, na damu iliyopungukiwa maji hukwama upesi. Mafuta yako ya nazi ya moto hayana ubaya, endelea kumkanda taratibu. Usimtie kitu cha baridi wala barafu panapouma. Lakini akipata homa, au kifua kikamuuma na pumzi zikamwia ngumu, au mkono au mguu mmoja ukalegea, au tumbo likajaa ghafla na yeye akapauka, usikande, usingoje asubuhi. Hospitali saa hiyo hiyo, na ukifika utaje selimundu hata kama bado hujapata majibu.

Ikiwa majibu yatakuwa ndiyo, usidhani dunia imefunga. Zipo dawa za kila siku, vidonge vya foliki na ile inayoitwa haidroksiyurea ambayo hupunguza vipindi vya maumivu, na ipo kliniki ya kumfuatilia. Watoto wa selimundu wanaofuatiliwa wanasoma, wanakua, wanaoa na kuolewa. Wanaopotea upesi ni wale ambao miaka yote wameambiwa ni baridi ya mifupa.

Mwalimu wake naye ajue. Mwandikie barua fupi: mtoto huyu aruhusiwe kukaa na sweta hata wengine wakivua, awe na chupa ya maji mezani, na asizuiliwe kwenda msalani. Asipangwe kwenye dawati la dirishani upande wa upepo.

Na yule mkubwa mweleze ukweli huu. Yeye ni wa miaka 10, anaelewa. Akijua kwamba baridi kwa dada yake si sawa na baridi kwake, atakuwa wa kwanza kumfungia vifungo njiani, na hakuna wenzake watakaomwita babu kwa hilo.

Jumatatu, mwanangu, usingoje mwisho wa mwezi baba yao arudi. Mwachie bibi mchanga ikiwa utaweza, la sivyo umbebe. Chukua kadi zote tatu za kliniki na ile karatasi yako. Toka mapema, foleni ya maabara hujaa, na msichana umvike sweta lake, umfungashie maji ya vuguvugu na mkate. Majibu yakitoka, yoyote yale, niandikie.

Somo wako